Utumishi wa Hisani na Mshahara Utokao Mbali

Miongoni mwa kazi zitamaniwazo mno na vijana wetu watokao vyuoni, toka Mombasa hata Mwanza, ni kuajiriwa na shirika kubwa lisilo la kiserikali. Wala si ajabu, kwani mwenye kuipata kazi hiyo hukusanya mambo mawili ambayo aghalabu hayakutani, yaani riziki ya kuwatosha watu wa nyumbani, na radhi ya nafsi kwamba jasho lake lamfaa mtu mwenye dhiki.

Fadhila za utumishi huo ni za kweli, na asiyezikiri hana insafu. Shirika la Amref, lililoasisiwa Nairobi mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, lilianza kwa kuwapeleka matabibu kwa ndege ndogo hadi vijiji visivyokuwa na daktari wala barabara ya kupitika, na leo ni taasisi kubwa ya afya ambayo makao yake makuu yangali katika jiji hilo hilo. Muuguzi aliye peke yake, hata akawa na huruma isiyo kifani, hawezi kurusha ndege, wala kuitunza chanjo katika baridi yake toka bandarini hadi zahanati ya mwisho. Uwezo huo huletwa na ukubwa. Fauka ya hayo, mtu akipita katika ofisi za namna hiyo hutoka na adabu ya kazi: hujua kupanga bajeti, kutunza stakabadhi, na kuandika taarifa ikaeleweka na mtu asiyepata kukanyaga mahali panapoelezwa.

Lakini katika taarifa hizo hizo ndimo ila ilimojificha. Mtazame mtumishi aliyekwenda kupima utapiamlo wa watoto katika delta ya Rufiji: amerudi, na sasa yapasa arejeshe hesabu ya masurufu, naye mkononi ana karatasi ambayo mwenye mtumbwi, asiyejua kuandika, ameitia dole gumba. Mhasibu anauliza muhuri. Mhasibu hana kosa, maana fedha ni amana na mfadhili atauliza. Ila siku nzima imekwenda katika karatasi ile, na kesho yake ni ripoti ya robo mwaka, ambayo itasomwa ng'ambo na watu ambao hawatamwona hata mtoto mmoja kati ya wale waliopimwa. Mama wa mtoto hataisoma. Hana hata pa kusema kwamba mpimaji alichelewa, au kwamba chakula kilichoahidiwa hakikufika. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kubwa kupita zote, kwamba mtumishi hujibu kwa yule atoaye fedha, ilhali yule anayehudumiwa hana kauli juu yake.

Ya mishahara ya namna mbili, mmoja wa mgeni na mwingine wa mwenyeji, hata wanapofanya kazi zinazokaribiana, yanajulikana na yamesemwa sana. Linalouma zaidi ni muda. Mkataba hufungwa na mradi, na mradi ukiisha, mtu huondoka hata kama maradhi hayajaisha. Tena mradi waweza kukatizwa ghafla: tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwezi Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, imefutwa. Nchini Kenya maelfu ya watumishi wa afya, wakiwamo washauri nasaha na waandishi wa takwimu katika kliniki za Virusi vya Ukimwi, walirudishwa nyumbani, na mashirika makubwa yalitikiswa sawasawa na madogo, kwa kuwa mizizi yao ilikuwa katika hazina moja.

Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja walijua kwamba huduma isiyo na chumo lake haidumu, ndipo walipoweka nyumba na mashamba ya minazi kuwa wakfu, ili pato lake liendeshe msikiti, madrasa na kisima hata baada ya mtoaji kufariki. Kadhalika shirika la BRAC, lililoanzishwa Bangladesh mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, lilijenga maduka ya kazi za mikono, kiwanda cha maziwa na benki, ambavyo pato lake husaidia kulipia huduma zake. Shirika lenye chumo lake lenyewe humpa mtumishi wake utulivu usioweza kupatikana kwa barua ya mfadhili.

Kijana aitwaye kazini huko na aende, ila kabla ya kutia sahihi aulize mshahara unatoka mfuko gani, mfuko huo unakoma lini, na kiinua mgongo chake kimewekwa wapi. Na serikali zetu, ambazo wakuu wake waliahidi huko Abuja mwezi Aprili 2001 kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, ziwaajiri hawa waliokwisha kufunzwa na kuachwa. Wanazijua kazi zao, na wagonjwa wao wanawajua kwa majina.