Dan Petrescu: Beki Aliyejenga Timu Zisizodumu

Wasomaji wetu wa makamo wanaofuatilia kandanda hulikumbuka jina la Dan Petrescu kwa bao moja. Tarehe 22 Juni 1998, katika mji wa Toulouse nchini Ufaransa, Romania na Uingereza zilikuwa zimefungana 1-1 katika mashindano ya Kombe la Dunia, na dakika tisini zilikuwa zinakatika. Mpira ukapigwa kuelekea lango la Uingereza. Aliyekuwa akimchunga Petrescu ni Graeme Le Saux, mwenzake katika klabu ya Chelsea, ambaye wiki chache tu nyuma walivaa jezi moja. Petrescu akamtangulia, akaukinga mpira kwa mwili wake, kisha akaupitisha katikati ya miguu ya kipa David Seaman. Romania ikashinda 2-1. Mfungaji huyo alikuwa beki wa kulia.

Bao lile halieleweki vizuri bila kurudi nyuma miaka minne. Mwaka 1994, nchini Marekani, Romania ilikuwa na kikosi bora kuliko vyote ilivyopata kuwa navyo, kikiongozwa na Gheorghe Hagi. Petrescu ndiye aliyefunga bao pekee lililowashinda wenyeji Marekani 1-0 kule Pasadena katika hatua ya makundi. Waromania wakaitoa Argentina kwa mabao 3-2, wakaingia robo fainali dhidi ya Sweden. Mechi ikaisha 2-2 baada ya muda wa nyongeza, ikabidi ipigwe mikwaju ya penalti. Kipa wa Sweden, Thomas Ravelli, akaupangua mkwaju wa Petrescu, na baadaye akaupangua wa Miodrag Belodedici, na safari ya Romania ikakomea hapo. Mtu aliyebeba jambo la namna hiyo kwa miaka minne, kisha akaitwa tena katika mashindano yale yale, akawa na utulivu wa kungoja kipa afungue miguu, anastahili kutazamwa kwa makini.

Petrescu alizaliwa Bucharest tarehe 22 Desemba 1967, akalelewa kisoka katika klabu ya jeshi, Steaua. Mei 1989, akiwa na umri wa miaka 21, alicheza fainali ya Kombe la Ulaya mjini Barcelona, na AC Milan ikawachapa 4-0. Mabao mawili kati ya hayo yalifungwa na Ruud Gullit, ambaye miaka saba baadaye alikuja kuwa kocha wake Chelsea. Mwishoni mwa mwaka huo huo utawala wa Ceaușescu ukaanguka, na milango iliyokuwa imefungwa kwa wanasoka wa Romania ikafunguka. Petrescu akaenda Italia mwaka 1991, kwanza Foggia chini ya kocha Zdeněk Zeman, aliyewataka mabeki wake wa pembeni wapande mbele bila kuchoka, kisha Genoa. Mwaka 1994 akahamia Uingereza katika klabu ya Sheffield Wednesday, na mwishoni mwa 1995 akajiunga na Chelsea.

Pale Chelsea alikaa miaka mitano, na huko ndiko alikopata heshima kubwa ya mashabiki. Alikuwamo katika kikosi kilichotwaa Kombe la FA mwaka 1997 kwa kuifunga Middlesbrough 2-0. Mwaka 1998 Chelsea ikachukua Kombe la Washindi barani Ulaya kwa kuifunga Stuttgart 1-0 kule Stockholm, ingawa Petrescu alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya kipenga cha mwisho. Baada ya Chelsea alipita Bradford City na Southampton, akarudi kwao kumalizia. Kwa timu ya taifa aliacha mechi 95 na mabao 12. Hayo kwa beki si haba.

Lakini sisi tunaona kwamba ukocha wake ndio wenye mengi zaidi ya kuelezwa.

Mwaka 2006 alikabidhiwa Unirea Urziceni, timu ya mji mdogo ulio kaskazini-mashariki ya Bucharest, wenye wakazi wasiofika 20,000. Haikuwa na jina, haikuwa na historia. Petrescu akaipanga kwa nidhamu kali: mabeki wanne, viungo wanne wanaokaa karibu nao, na mashambulizi ya kushtukiza. Wengine waliuita mchezo wake mkavu. Pengine ulikuwa mkavu, lakini mwaka 2009 Urziceni ikawa bingwa wa Romania kwa mara ya kwanza, ikiwa mbele ya klabu zote kubwa za mji mkuu, na ikaingia Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Uwanja wake haukukidhi masharti, ikacheza mechi zake za nyumbani Bucharest. Tarehe 20 Oktoba 2009 ikaenda Glasgow ikaifunga Rangers 4-1. Baadaye ikaifunga Sevilla 1-0. Ilipofika mechi ya mwisho ya kundi, ugenini Stuttgart, sare tu ingeipeleka hatua ya mtoano. Kabla robo saa ya kwanza haijatimia, wenyeji walikuwa wamekwisha funga mabao matatu. Matokeo yakawa 3-1, na Urziceni ikamaliza ya tatu kwa pointi nane.

Mwezi huo huo Petrescu akaondoka kwenda Kuban Krasnodar ya Urusi. Yaliyofuata Urziceni ni ya kusikitisha. Klabu ilikuwa ikiendeshwa kwa fedha za mmiliki wake. Alipopunguza nia, wachezaji wakauzwa mmoja mmoja, timu ikashuka daraja, na mwaka 2011 klabu ikavunjwa. Miaka miwili tu kutoka ubingwa hadi kufutika! Sisi tunaokaa katika kamati tunaijua hesabu hii: kisima cha mtu mmoja hukauka siku mwenyewe anapogeuza uso.

Ajabu ni kwamba jambo hilo limemfuata kocha huyu kila alikopita. Kuban aliipandisha Ligi Kuu ya Urusi mwaka 2010 ikiwa kinara wa daraja la pili. Mwaka 2018 klabu hiyo nayo ilikufa kwa kufilisika. Alipitia Dynamo Moscow, akafundisha Al-Arabi ya Qatar, akarudi Romania mwaka 2015 na kuipa Târgu Mureș Kombe la Super Cup mbele ya Steaua. Klabu hiyo pia ikavunjika baadaye. Mwaka huo huo akaenda China na kutwaa kombe la taifa na timu ya Jiangsu. Kampuni ya Suning ikainunua, ikamwaga fedha nyingi kununua wachezaji, ikamfukuza Petrescu katikati ya 2016. Jiangsu ikatwaa ubingwa wa China mwaka 2020 chini ya Mromania mwingine aliyekuwa beki, Cosmin Olăroiu, na miezi michache tu baadaye, Februari 2021, ikasitisha shughuli zake.

Je, lawama ni ya kocha? Wapo wanaomwona kuwa mtu wa kufuata mshahara, maana amefundisha hata Dubai, katika klabu ya Al-Nasr, na Korea Kusini, katika Jeonbuk. Sisi hatuoni hivyo. Kazi ya kocha ni uwanjani, na kila alipopewa wachezaji wa kawaida aliwatoa wakiwa bora kuliko alivyowapokea. Vitabu vya hesabu havikuwa mikononi mwake. Anachoweza kuulizwa ni kwa nini hakukaa, na jibu lake liko Cluj.

CFR Cluj ameifundisha mara nne. Aliichukua mwaka 2017 ikiwa ndiyo kwanza inatoka katika matatizo makubwa ya fedha, akaifanya bingwa mwaka 2018. Aliondoka, akarudishwa Machi 2019, akamalizia ubingwa wa mwaka huo na kutwaa mwingine 2020. Aliporejea tena akachukua wa 2022. Kati ya hayo, Agosti 2019 timu yake ilikwenda Glasgow ikaitoa Celtic kwa ushindi wa 4-3, miaka kumi baada ya Urziceni kuifunga Rangers katika mji huo huo. Mara ya nne alirudi 2024, na Mei 2025 akatwaa Kombe la Romania kwa kuifunga Hermannstadt 3-2. Agosti iliyofuata Cluj ilifungwa 7-2 na Häcken ya Sweden katika mashindano ya Ulaya, naye akaondoka.