Maksima Ndiyo Uzito

Kila muhula unapofungwa na buletini, yaani karatasi za matokeo, kugawiwa, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, huzuka swali lile lile, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya lawama: inawezekanaje asilimia za masomo yote zikijumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya masomo zitoe 58, ilhali buletini imeandika 49 na mwanafunzi amehesabiwa kuwa amefeli? Mzazi hudhani mwalimu amekosea, mwanafunzi hudhani ameonewa, na wapo wanaofika mpaka ofisi ya mkurugenzi wakiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Buletini huweza kukosewa, kwa kuwa hujazwa na binadamu, lakini katika malalamiko ya namna hii kosa limo ndani ya swali lenyewe, nalo litarudi kila muhula maadamu imani inayolizaa haijang'olewa, yaani imani kwamba asilimia ya jumla hupatikana kwa kujumlisha asilimia za masomo na kuzigawanya kwa idadi yake.

Imani hiyo si sahihi, na haikuwa sahihi tangu buletini ya aina hii ilipoingia nchini. Shule za Burundi zinafuata desturi iliyoachwa na Wabelgiji, waliotawala Ruanda-Urundi hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, ambayo kwayo kila somo hupewa maksima yake, yaani alama za juu kabisa zinazoweza kupatikana katika somo hilo kwa kipindi fulani. Maksima za masomo hazilingani, na kutolingana huko hakukutokea kwa bahati, kwa sababu somo lenye saa nyingi darasani na linalohesabiwa kuwa la msingi hupewa maksima kubwa, na somo la saa chache hupewa ndogo. Asilimia ya jumla hupatikana kwa kujumlisha alama zote zilizopatikana na kuzigawanya kwa jumla ya maksima zote. Hesabu hiyo huitwa wastani wenye uzito, maana yake ni wastani ambamo kila somo huhesabiwa kwa kadiri ya ukubwa wake, na uzito huo hautafutwi mahali pengine popote: maksima yenyewe ndiyo uzito.

Ichukuliwe mfano wa masomo matano, uliotungwa ili hesabu ionekane wazi: Hisabati na Kifaransa yana maksima 60 kila moja, Fizikia ina 40, Michezo na Sanaa yana 20 kila moja, na jumla ya maksima ni 200. Mwanafunzi amepata 21 katika Hisabati, 27 katika Kifaransa, 16 katika Fizikia, 18 katika Michezo na 16 katika Sanaa. Kwa asilimia, hizo ni 35, 45, 40, 90 na 80, na zikijumlishwa na kugawanywa kwa 5 zinatoa 58. Alama zenyewe zikijumlishwa ni 98 kati ya 200, yaani asilimia 49. Tofauti ya asilimia 9 haikutokana na uonevu wala uzembe wa mwalimu. Imetokana na kwamba hesabu ya kwanza iliipa Michezo, yenye maksima 20, sauti sawa na Hisabati yenye maksima 60, jambo ambalo shule haikuamua na mwanafunzi hana mamlaka ya kuliamua.

Anayeuza mawese Rumonge hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Aliyenunua bidoni 9 kwa faranga 100,000 kila moja na bidoni 1 kwa faranga 60,000 hawezi kusema kwamba bei yake ya wastani ni 80,000 eti kwa sababu bei zilikuwa mbili, kwani ametoa faranga 960,000 kwa bidoni 10, na kila bidoni imemgharimu 96,000. Akiuza kwa 85,000 akidhani anapata faida ya 5,000, anapoteza 11,000 kwa kila bidoni. Mtu yule yule ambaye sokoni hawezi kukosea hesabu hii hukosea mbele ya buletini ya mwanawe, na sababu yake inafaa kuchunguzwa kuliko kubezwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba kanuni ya kujumlisha na kugawanya kwa idadi hufundishwa katika shule ya msingi kwa mifano ambayo vitu vyote vina ukubwa mmoja, na pale maksima zote zinapolingana kanuni hiyo hutoa jibu sahihi kabisa. Sababu ya pili ni ya kihistoria na inauhusu mwambao huu hasa. Familia nyingi za Rumonge na Nyanza-Lac zilikimbia mauaji ya mwaka 1972, na nyingine zikaishi miongo mingi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania, ambako watoto walisoma kwa mtaala wa Kitanzania, kabla ya baadhi kurejea kuanzia 2008. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya Tanzania, daraja A ni pointi 1 na F ni pointi 5, masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi hujumlishwa, na mwenye pointi 7 hadi 17 huwa Daraja la Kwanza. Humo Hisabati na Jiografia zina uzito uleule. Hali ni hiyo pia katika mtihani wa KCSE wa Kenya, ambako masomo saba yenye pointi 12 kila moja hufanya jumla ya 84. Mzazi aliyelelewa katika mfumo wa masomo yenye uzito sawa humfundisha mwanawe kanuni iliyomfaa yeye, na kanuni hiyo, iliyokuwa ya kweli kule Tanzania, Tabora au Mpanda, haiifai buletini ya Rumonge.

Wapo wanaojitetea kwamba kosa hili halina madhara kwa sababu shule itahesabu kwa njia yake hata hivyo. Madhara yapo, tena yanaelekea pande mbili. Mwanafunzi wa pili katika mfano uleule amepata 45 katika Hisabati, 42 katika Kifaransa, 26 katika Fizikia, 8 katika Michezo na 6 katika Sanaa, nazo kwa asilimia ni 75, 70, 65, 40 na 30. Kwa kanuni ya kugawanya kwa idadi atajiona ana 56, kumbe ana alama 127 kati ya 200, yaani 63.5. Wa kwanza hujiona amefaulu, akalegea katika muhula unaofuata; wa pili hujiona yuko karibu na hatari, akaacha masomo yanayombeba na kukimbilia yale yasiyobadilisha kitu. Wote wawili wanapanga miezi mitatu ya maisha yao kwa namba ambayo haipo katika buletini yoyote.

Kutokana na imani hiyo imezaliwa dawa ya vijiweni ambayo wanafunzi huuziana kama siri: kufidia kwa masomo mepesi, yaani kujaza asilimia 90 na 100 katika masomo yenye maksima ndogo ili kufunika aibu ya masomo makubwa. Dawa hiyo inafanya kazi katika hesabu ya uongo peke yake. Katika buletini halisi alama moja ni alama moja, popote ilipopatikana. Mwanafunzi wa kwanza alikosa alama 2 tu kufikia 100 kati ya 200. Alama hizo angeweza kuzipata kwa kupanda kutoka 18 hadi 20 katika Michezo, jambo linalodai ukamilifu usio na dosari, au kwa kupanda kutoka 21 hadi 23 katika Hisabati, jambo linalodai kujibu sehemu moja zaidi ya swali moja, huku akibaki amefeli somo hilo. Matokeo ni yaleyale, lakini asilimia 10 za Michezo zimelingana na asilimia 3 na kidogo za Hisabati. Zaidi ya hapo, Michezo na Sanaa kwa pamoja zilikuwa zimebakiza alama 6 tu, ilhali Hisabati peke yake ilikuwa na alama 39 ambazo hazijachukuliwa. Anayetafuta nafuu aitafute pale ambapo nafasi bado ipo, na nafasi huonekana kwa kutoa alama zilizopatikana kutoka kwenye maksima, kwa kila somo, kabla ya kupanga ratiba ya kujisomea.

Mwanafunzi anapovuka kwenda chuo kikuu, mpangilio hugeuka, na hapo kosa huzaliwa upya kwa sura nyingine. Sheria ya Desemba 2011 iliingiza katika elimu ya juu ya Burundi mfumo wa BMD, yaani Bakalorea, Mastère na Doktora, unaofanana na ule uliosambaa Ulaya baada ya tamko la Bologna la 1999. Katika mfumo huo uzito wa somo huitwa krediti, kipimo cha kazi yote ambayo somo linadai kwa mwanafunzi darasani na nje ya darasa, na mwaka mmoja una krediti 60. Sasa alama zote hutolewa juu ya 20, liwe somo kubwa au dogo, kwa hiyo uzito hauonekani tena ndani ya alama na ni lazima uingizwe kwa mkono: alama ya kila somo huzidishwa kwa krediti zake, mazao hayo hujumlishwa, na jumla hugawanywa kwa krediti zote. Mwenye 7 katika somo la krediti 6, 10 katika somo la krediti 4 na 17 katika somo la krediti 2 ana 42, 40 na 34, jumla 116, na 116 zikigawanywa kwa 12 ni 9.67, chini ya 10 inayotakiwa. Aliyejumlisha 7, 10 na 17 na kugawanya kwa 3 amepata 11.33, akaenda likizo akiamini kwamba amepita.

Kutoka hapa huja kosa la kinyume, nalo hufanywa na wale waliosikia nusu ya maelezo: kuchukua alama za buletini ya sekondari, ambazo tayari zimekaa juu ya maksima zisizolingana, na kuzizidisha tena kwa maksima. Hapo uzito umehesabiwa mara mbili. Kanuni ya kutofautisha ni fupi: alama zikiwa juu ya maksima tofauti, hujumlishwa tu; zikiwa zote juu ya 20 au juu ya 100, huzidishwa kwa uzito kwanza. Ng'ambo ya ziwa, Uvira, Baraka na Kalemie, buletini ya sekondari ya Kongo huupa mtihani wa muhula maksima iliyo mara mbili ya ile ya kipindi, kwa hiyo somo lenye 20 na 20 kwa vipindi viwili lina 40 kwa mtihani na 80 kwa jumla. Nako alama hujumlishwa, wala asilimia za vipindi viwili na mtihani hazijumlishwi na kugawanywa kwa 3.

Yaliyobaki ni ya utekelezaji na hayahitaji maneno mengi. Anayetaka kujua alama anazohitaji katika mtihani uliobaki azidishe lengo lake kwa jumla ya maksima zote, atoe alama alizokwisha kupata, kisha agawanye kwa maksima iliyobaki: aliyepata 98 na 94 katika mihula miwili yenye maksima 200 kila mmoja, na anayetaka nusu ya 600, anahitaji 108 kati ya 200, yaani asilimia 54, na siyo 52 au 53 anazozikisia. Aliyekwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kazi za muhula hubeba 40 na mtihani wa mwisho 60, akiwa na 36 kati ya 40 na akitamani daraja A linaloanzia 70, anahitaji 34 kati ya 60, karibu asilimia 57. Akiamini kwamba asilimia 90 za kazi na 50 za mtihani zinatoa 70, atapata 30 kwenye mtihani, jumla 66, na ataandikiwa B+. Katikati ya mwaka, jumla ya alama igawanywe kwa maksima za kazi zilizokwisha kusahihishwa tu, kwani kazi ambayo haijasahihishwa siyo sifuri. Lakini kazi iliyokosekana bila ruhusa kwa kawaida huandikwa sifuri na maksima yake hubaki katika kigawanyo, kwa hiyo cheti cha daktari kipelekwe mapema. Desimali zisikatwe njiani, zikatwe mwishoni. Programu ya simu itumike ikiwa inauliza maksima au krediti, na ikiwa inauliza alama peke yake ifutwe. Masharti ya kufidiana kwa masomo na ya alama ya chini kabisa inayovumilika hutofautiana kati ya chuo na chuo, hata kitivo na kitivo, na husomwa katika kanuni zilizoandikwa, hayaulizwi kwa wanafunzi wa mwaka wa juu. Anayeona kweli kwamba buletini imekosewa aandike kila alama pamoja na maksima yake, ajumlishe safu zote mbili, na kuipeleka karatasi hiyo kwa mwalimu wa darasa kabla ya kikao cha walimu cha kuamua matokeo, kwa sababu baada ya kikao hicho marekebisho huhitaji kikao kingine.