Bunduki ya Gumegume: Somo kwa Mafundi wa Kisii na Nyamira

Wako watu huko Marekani na Uingereza ambao, baada ya kazi zao za mchana, huingia katika karakana ndogo nyuma ya nyumba na kutengeneza kwa mikono bunduki ambazo hakuna jeshi linalozihitaji tena. Ni bunduki za gumegume za kuwindia ndege, za mtindo wa miaka ya 1700: ndefu, nyepesi, laini ndani ya kasiba, zinazoshindiliwa baruti na marisau kwa mdeki kupitia mdomoni. Fundi mmoja aweza kutumia miezi mingi kwa bunduki moja tu. Katika mji wa Williamsburg, jimbo la Virginia, iko karakana ambamo kazi ya namna hiyo hufanywa mbele ya wageni kwa zana za kale, ili watu waone jinsi mababu walivyofanya kazi.

Mtu wa Kisii au Nyamira aweza kuuliza: jambo hilo latuhusu nini sisi, ambao silaha ya babu zetu ilikuwa mkuki? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, karibu kila hatua ya kazi hiyo ina mwenzake katika ufundi wa nchi hii. Pili, wale mafundi wa ng'ambo wanafanya jambo moja ambalo hapa kwetu laweza kuchelewa mno kufanywa.

JIWE, CHUMA NA BARUTI

Bunduki ya gumegume ina sehemu tatu kubwa: kasiba ya chuma, mti unaoibeba kasiba hiyo na kuishia kwenye kitako, na mtambo wa kuwashia moto. Mtambo huo ulitungwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, ukatumika kwa miaka 200 na zaidi. Mwindaji akivuta kifyatulio, kamani husukuma kwa nguvu kikono cha chuma kilichobana kipande cha gumegume. Jiwe hupiga bamba la chuma kigumu, na papo hapo hukifunua kisahani chenye baruti kidogo. Cheche huangukia kisahanini, baruti huwaka, na moto hupenya katika tundu dogo mpaka kwenye baruti iliyomo ndani ya kasiba.

Wengi hudhani kwamba cheche hutoka katika jiwe. Sivyo. Jiwe hukwangua chembe ndogo mno za chuma, na chembe hizo ndizo ziwakazo. Kwa hiyo bamba likiwa laini, bunduki haitalia hata ikipambwa kwa fedha. Fundi mwenye bamba la chuma laini hulifunga katika sanduku pamoja na makaa ya mifupa, akalichoma mpaka liive jekundu kwa muda mrefu, kisha akalitosa majini. Hapo uso wake huwa mgumu. Kamani nayo ina taabu yake. Ikiwa ngumu mno huvunjika kama kigae, na ikiwa laini hulegea. Hivyo fundi huipasha moto, akaizamisha ghafula ili iwe ngumu, akaisugua mpaka ing'ae, kisha akaipasha tena pole pole huku akiitazama rangi yake. Chuma hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha samawati. Katika rangi ya samawati ndipo aiondoapo motoni. Hana haja ya kipimo kingine isipokuwa jicho lake.

Hata hivyo bunduki hii ilikuwa na kasoro. Moto wa kisahani uliwashtua ndege kabla marisau hayajatoka. Kasisi mmoja wa Uskochi, Alexander John Forsyth, aliyekuwa mpenda kuwinda, alichoshwa na ndege waliomkimbia kwa sababu hiyo, akatunga dawa ya kulipuka kwa kugongwa na nyundo. Mwaka 1807 akapewa haki ya utunzi wake. Kutokana na wazo hilo zikaja fataki, na miaka michache baadaye bunduki ya gumegume ikaanza kustaafu.

NJIA AMBAZO BUNDUKI ILIPITA

Bunduki zilizochakaa Ulaya hazikutupwa. Nyingi zililetwa Afrika. Katika karne ya 19 magobore yaliingia Unguja kwa maelfu, yakapandishwa bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Mkutano wa Brussels, uliotia sahihi mapatano yake tarehe 2 Julai 1890, ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, bali uliacha mlango wa bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Maana yake ni rahisi kuitambua: dola zilijiwekea bunduki zilizo bora, na Mwafrika akaachiwa kile kilichokwisha kupitwa na wakati.

Njia kubwa ya misafara ya kwenda Uganda ilipitia Mumias, mbali na milima ya Gusii. Hivyo mwaka 1905, askari wa serikali ya Kiingereza walipopanda milima hiyo, walikuwa na bunduki za kisasa na bombomu, na vijana wa Gusii wakawakabili kwa mikuki na ngao. Mnamo Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa Geoffry Northcote akamjeruhi, na adhabu iliyofuata ilikuwa kali juu ya watu, nyumba na ng'ombe. Wahunzi wa Gusii, ambao kwa Ekegusii huitwa abaturi, walikuwa hodari wa kufua mikuki, majembe na mashoka. Moto walikuwa nao, makaa walikuwa nayo, na mkono imara walikuwa nao.

Je, mhunzi wa Afrika Mashariki angeweza kazi ya bunduki? Jawabu latoka Buganda. Alexander Mackay, mmisionari wa Uskochi aliyekuwa mhandisi, alifika huko mwaka 1878. Miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwamo fundi aliyeitwa Kisule. Lugard, katika kitabu chake cha mwaka 1893, alishuhudia kwamba Kisule aliweza kutengeneza kamani mpya na kurekebisha bunduki iliyoharibika, na kwamba mafundi wa Buganda waliweza kuchonga mti mpya wa bunduki ambao ni vigumu kuupambanua na ule wa fundi wa London. Tofauti haikuwa katika mikono ya watu. Kisule alikuwa na mwalimu wa kumwonyesha, na alikuwa na bunduki yenyewe mbele yake ya kupima na kuiga.

KUMALIZA NDIKO KAZI

Mafundi wa bunduki za gumegume husema kwa vitendo vyao kwamba kuunda ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kumaliza. Ili mtambo ukae vema ndani ya mti, fundi huupaka masizi chini yake, huubana juu ya mti, kisha huuinua. Palipopata weusi ndipo palipogusana, basi hapo hukwangua kidogo kwa patasi, akarudia tena. Aweza kurudia mara nyingi kabla chuma hakijalala ndani ya mti bila kuacha nafasi ya kupitisha hata unywele.

Mti ukiisha kuchongwa, husuguliwa, kisha hulowanishwa maji. Maji huinua nyuzi za mti zilizolala, na zikikauka zikasimama husuguliwa tena. Baada ya hapo hupakwa mafuta ya kitani, tabaka nyembamba baada ya tabaka, kila moja ikisuguliwa kwa kiganja na kuachwa ikauke. Kasiba nayo haipakwi rangi. Hupigwa tupa kwa urefu wake mpaka alama zote zifutike, kisha hupakwa maji makali na kuwekwa mahali penye unyevu ili ishike kutu. Kutu hiyo hupanguswa, ikaitwa tena, siku baada ya siku, mpaka chuma kivae rangi ya kahawia iliyo sawasawa. Ndipo huoshwa na kutiwa mafuta. Kutu, adui wa kila jembe shambani, hapa imefanywa mtumishi.

Aliyefika Tabaka, katika Mugirango Kusini, hatashangaa kusikia hayo. Huko mawe laini ya Kisii huchimbwa kwa mikono, hukatwa kwa msumeno na panga, huchongwa kwa kisu, patasi na tupa, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya maji na kung'arishwa kwa nta. Kazi ya kusugua hufanywa zaidi na wanawake, na malipo yake ni madogo, ijapokuwa mnunuzi wa Nairobi au wa Ulaya anunuapo, mkono wake hugusa kwanza ule ulaini. Kwa wale mafundi wa bunduki, mwenye kujua kumaliza huheshimiwa. Hilo ni jambo la kufikiriwa na vyama vya wachongaji.

KASIBA ISIYOPIMWA

Liko onyo moja ambalo halifai kuachwa. Katika Uingereza kasiba haiuzwi kabla haijapimwa kwa kulipuliwa baruti nyingi kuliko kawaida; kazi hiyo hufanywa na chama cha mafundi wa bunduki cha London, kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637, na na nyumba ya upimaji ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813. Kasiba yenye ufa uliofichika hupasukia hapo, mbali na uso wa mtu. Gobore lililofanywa kwa bomba la maji halina mtihani huo. Likipasuka, lampasukia yule aliyeliegemeza shavuni. Tena, katika Kenya, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hairuhusu mtu kutengeneza bunduki pasipo idhini. Basi somo la makala haya si kwamba kijana wa Nyamira aende akafue kasiba.

KILE KINACHOFAA KUIGWA

Somo lenyewe ni hili. Wale mafundi wa ng'ambo hawatungi kwa kukisia. Kabla ya kuanza, huitafuta bunduki ya kale iliyo katika makumbusho au katika nyumba ya mzee, huipima urefu na unene kila mahali, huichora, na kuandika jinsi kila parafujo ilivyokaa. Kwa hiyo hata bunduki ya zamani ikipotea au kuungua, umbo lake na ufundi wake vimebaki.

Gusii nayo ina vitu vyake. Upo obokano, ule mlio mzito wa nyuzi 8 uliotungwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi. Viko vigoda vya wazee vilivyopachikwa shanga ndani ya mti kwa mpango maalumu. Ziko pete za chuma za miguuni, ebitinge, walizovaa wanawake walioolewa kwa desturi kamili. Vitu hivyo vikiuzwa kwa watalii au kuliwa na mchwa kabla ya kupimwa, fundi wa kesho atakuwa na mikono mizuri lakini hana mfano wa kuiga, na atakachokiunda kitakuwa cha kubahatisha.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mkulima ana kigoda cha babu yake ndani ya nyumba. Karani ana rula, penseli na karatasi. Wakikaa pamoja alasiri moja, wakapima, wakachora, na kumwuliza mzee mti gani ulitumika na shanga zilipachikwaje, watakuwa wamefanya kwa ajili ya Gusii kile ambacho watu wa Williamsburg wamewafanyia babu zao. Wazee wanaojua majibu ya maswali hayo wanapungua kila mwaka, na yafaa waulizwe sasa.