Netflix Ilivyonyang'anywa Mzigo na Waliokuwa Wakiiuzia

Kama unauza mtandaoni na mzigo wako wote unachukua kwa mtu mmoja, hii ya Netflix inakuhusu, hata kama hujawahi kulipia kifurushi chao.

Netflix walianza Marekani kwa kukodisha DVD kwa posta. 2007 wakaanza kuonyesha kwa intaneti, ila filamu zilikuwa za watu. Ni kama sisi wengi: unachukua mzigo wa bosi, unaupanga vizuri kwenye ukurasa wako, mteja anakuja kwako. 2008 wakaingia mkataba na Starz, chaneli ya kulipia, wakapata filamu na vipindi kama 2,500, zikiwemo filamu za Disney na Sony. Wenye televisheni hawakuwaogopa. 2010 bosi wa Time Warner, Jeff Bewkes, aliwafananisha na jeshi la Albania linalotaka kuiteka dunia!

2011 Starz wakatangaza hawaongezi mkataba, na mwisho wa Februari 2012 mzigo wao ukaondoka. Hapo mteja hamlaumu Starz. Anakulaumu wewe, maana hela yake kakupa wewe. Mimi niliyekuwa nachukua kwake mikoba alifungua ukurasa wake mwenyewe, bei ile ile aliyokuwa ananiuzia mimi. Wateja wakawa wananiuliza kwa nini nawapiga.

Netflix walikuwa wameshaanza kujiandaa. 2011 hiyo hiyo waliwapiku HBO na AMC wakaichukua House of Cards, wakaagiza misimu miwili, sehemu 26, bila kudai kwanza sehemu ya majaribio kama vituo vya TV vinavyofanya. Hawakubahatisha. Walishaona wateja wao wanaangalia nini: toleo la Uingereza la hadithi hiyo, filamu za David Fincher, filamu za Kevin Spacey. (Na wewe taarifa hizo unazo, ziko inbox. Hesabu picha gani inaulizwa bei kila siku.)

Februari 2013 wakaachia sehemu zote 13 za msimu wa kwanza siku moja. TV ya matangazo inataka urudi wiki ijayo ili iuze tangazo jingine. Netflix wakati huo walikula ada ya mwezi tu, kwa hiyo ukimaliza usiku mmoja kwao poa, ilimradi usijitoe.

Ila wengi hawajui kwamba House of Cards haikuwa mali ya Netflix. Ilikuwa ya kampuni ya Media Rights Capital. Yaani lebo yako, mwenye mali mwingine. Baadaye ndiyo wakaanza kutengeneza za kwao wenyewe, kama Stranger Things ya 2016.

Na waliwahi, maana 2017 Disney walitangaza kuondoa filamu zao, na Novemba 2019 wakafungua Disney+. Kule Marekani Friends ikaondoka 2020, The Office 2021, kila moja ikarudi kwa mwenyewe.

Sasa usiende kugombana na mtu wako wa jumla kesho. Netflix bado wananunua vya watu. Suits, tamthilia ya NBCUniversal iliyoisha 2019, ililipuka Netflix mwaka 2023, maana wale wale walioondoa mzigo walirudi kuuza. Tofauti ni kwamba safari hii wakinyimwa, dukani kwao kuna kitu.

Kwetu cha kwako siyo lazima kiwanda. Inaweza kuwa mkoba mmoja tu anaokushonea fundi wako, kwa saizi ambayo wateja wanakuuliza na Kariakoo haipo.

Niambie kwenye komenti: unauza nini ambacho bosi wako wa jumla hawezi kukiweka kwenye ukurasa wake?