Mtoto mwenye selimundu: dawa iliyojaribiwa kwetu, na haki yako hapa London

Je, mtoto wako huumwa viungo mara kwa mara? Macho yake hugeuka manjano? Alipokuwa mchanga alivimba vidole vya mikono na miguu? Basi soma makala hii hadi mwisho. Huenda ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli, na waliotoka Kongo wanauita SS.

Ugonjwa huu si laana

Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni mwilini. Kwa kawaida ni za mviringo na laini. Za mtu mwenye selimundu hugeuka umbo la mundu, zikawa ngumu na kukwama kwenye mishipa midogo. Damu isipopita, maumivu makali huanza.

Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Mzazi mwenye jeni moja tu kwa kawaida haugui, wala hajui kwamba anayo. Baba na mama wakiwa hivyo wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo mama asilaumiwe peke yake, na mchawi asitafutwe.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Ulionyesha kwamba mwenye jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hii imeenea sana katika nchi zetu. Lakini mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa mwenyewe, malaria inaweza kumuua upesi. Mkienda kusalimia nyumbani, muulize daktari dawa ya kinga kabla ya safari.

Omba kipimo, usisubiri kuulizwa

Watoto wanaozaliwa Uingereza hupimwa kwa tone la damu ya kisiginoni wakiwa na siku tano hivi. Aliyezaliwa kambini au nyumbani pengine hajapimwa kamwe. Mwombe GP wako kipimo cha damu. Kwa Kiingereza sema "sickle cell", ataelewa. Kujiandikisha kwa GP ni bure, na hulazimiki kuonyesha kitambulisho wala karatasi za ukaazi. Mkalimani pia ni bure. Usimtume mtoto akutafsirie habari nzito namna hii.

Mtoto akikutwa na ugonjwa, atapelekwa kwa madaktari wa damu hospitalini. Atapewa penisilini kila siku, kwa sababu bandama lake halipigani vizuri na vijidudu. Akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 16, hupimwa mishipa ya kichwa kila mwaka kwa mashine isiyouma, ili kuzuia kiharusi. Usikose miadi hiyo hata kama mtoto anacheza vizuri.

Dawa ambayo wazazi wengi huiogopa

Daktari anaweza kukushauri haidroksiyurea, dawa inayomezwa mara moja kwa siku. Wazazi wengi huikataa wakisikia kwamba hutumika pia kutibu saratani. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini sikiliza ilivyopimwa.

Zamani madaktari walihofia kwamba barani Afrika dawa hii ingewazidishia watoto malaria na maambukizi mengine. Basi ikafanyika majaribio Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 waliitumia. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa karibu nusu, na waliohitaji kuongezwa damu na waliofariki wakawa wachache zaidi.

Dawa hii huufanya mwili utengeneze tena ile damu ya mtoto aliye tumboni, ambayo haigeuki mundu. Inataka vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwa kuwa inaweza kupunguza chembe nyeupe. Hapa Uingereza mtoto anaweza kuianza tangu miezi 9, hata kabla ya maumivu kuanza. Dawa za watoto chini ya miaka 16 ni bure.

Huenda umesikia pia habari za tiba mpya ya kurekebisha jeni, Casgevy. Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuiidhinisha, Novemba 2023, na tangu Januari 2025 imekubaliwa kutolewa na NHS kwa baadhi ya wagonjwa wa miaka 12 na zaidi wenye hali kali. Ni tiba nzito, hutanguliwa na dawa kali zinazoweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na haimfai kila mtu. Kwa watoto wengi, penisilini, haidroksiyurea na kuhudhuria kliniki ndiyo matibabu ya kila siku.

Lini ukimbilie hospitali

Mtoto mwenye selimundu akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja. Piga 999 akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akilegea upande mmoja wa mwili, akishindwa kusema vizuri, au akipauka ghafla na tumbo kuvimba.

Ukifika, sema kabla ya jambo lolote: "Sickle cell." Mwongozo wa kitaifa tangu 2012 unataka mgonjwa mwenye maumivu ya selimundu apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30. Ripoti ya kundi la wabunge ya Novemba 2021 ilieleza kwamba wagonjwa wengi hawakusikilizwa hospitalini. Kwa hiyo ukipuuzwa, usinyamaze kwa heshima. Omba kwa upole lakini kwa uthabiti kwamba kliniki ya mtoto wako ipigiwe simu. Weka barua ya kliniki kwenye mkoba unaotoka nao kila siku.

Kama bado hujapata GP, tuambie ukija ofisini. Tutajaza fomu pamoja.