Mpira Umefika Singida, Filamu Je?

Wasomaji wetu wa Visiwani hawahitaji kuonyeshwa ramani ili waijue Singida. Tarehe 13 Januari 2023, katika Uwanja wa Amaan, timu ya Singida Big Stars ilifungwa na Mlandege mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, na hadi leo ukilitaja jina la Singida katika baraza yoyote mjini Unguja, wa kwanza kujibu hukupa hesabu ya mabao kabla hajakuuliza habari za huko. Na huko nako wanaikumbuka siku hiyo. Mabao yale yalivuka bahari na bara nzima kwa dakika ileile, yakawafikia wakulima wa alizeti waliokuwa wamebanana mbele ya televisheni moja, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Tunauanza mjadala wetu kwa mpira kwa sababu tulipokuwa katika mkoa huo hivi karibuni tulikuta jambo ambalo limetukaa moyoni. Tulitembelea shule moja ya sekondari, tukazungumza na wanafunzi wanaosoma fasihi ya Kiswahili. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapwa mwaka 1999, imekuwamo kwa miaka mingi katika orodha ya vitabu vya kidato cha tano na cha sita. Vijana wale, ambao wengi wao hawajaiona bahari, walitueleza habari za Yasmin aliyeozwa akiwa mtoto kwa Raza aliyekuwa mtu mzima wa kumzaa, wakamtetea Denge, na wakagombana wao kwa wao juu ya Mwajuma na nyimbo zake. Waliizungumza Unguja ya wakati wa Mwingereza kama mtu anavyozungumza kijiji cha mjomba wake. Tukawauliza kama wameiona filamu yake. Wakatazamana. Hawakuwa na habari kwamba ipo.

Filamu ipo. Ilitengenezwa Zanzibar, kwa Kiswahili, na kampuni ya Kitanzania. Mwezi Septemba 2021 ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto, nchini Kanada. Mwaka 2022 ilitwaa Tanit ya dhahabu katika tamasha la Carthage, nchini Tunisia, ambalo ni miongoni mwa matamasha makongwe ya sinema barani Afrika, na mwaka huohuo Tanzania ikaipeleka Marekani kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Nchi yetu ilikuwa imefanya hivyo mara moja tu kabla ya hapo, kwa filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Basi watu wa Toronto wameiona, na watu wa Tunis wameiona, lakini mwanafunzi wa Singida anayetakiwa kuijibia maswali katika mtihani hajui kama imezaliwa.

Kampuni yenyewe inaitwa Kijiweni Productions, na makao yake yako Dar es Salaam. Mwanzilishi wake ni Amil Shivji, kijana aliyesomea sinema Kanada kisha akarudi nyumbani. Jina alilolichagua linatosha kueleza nia yake. Kijiwe ni pale watu wanapokaa bila kualikwa, wakanywa kahawa, wakasema ukweli ambao hausemwi katika mikutano. Kazi ya kwanza, Shoeshine, ilitoka mwaka 2013. Ni filamu fupi ya kijana mng'arisha viatu, na mji mzima unapita mbele yake ukiweka mguu juu ya kisanduku. Mwaka uliofuata ikaja Samaki Mchangani. Mwaka 2015 kampuni ilishirikiana na UZIKWASA, shirika la wananchi la Pangani, kutoa Aisha, filamu iliyoongozwa na Chande Omar juu ya ukatili wanaofanyiwa wanawake na jinsi mji mdogo unavyojua kunyamaza. Filamu ndefu ya kwanza ya Shivji mwenyewe, T-Junction, ilitoka mwaka 2017: msichana aliyefiwa na baba anakutana hospitalini na mgonjwa mwenye hadithi ndefu ya wachuuzi wa njia panda. Mwaka 2018 ikafuata Wahenga, aliyoiongoza pamoja na Rebecca Corey, inayowarejea wanamuziki wa zilipendwa. Ndipo ikaja Vuta N'kuvute.

Ukizihesabu, si nyingi. Kuna watengenezaji wa Dar es Salaam waliokuwa wakitoa idadi hiyo kwa miezi michache. Lakini tuliziangalia zote kwa makini, na maoni yetu ni kwamba kuna jambo moja linaloziunganisha: hakuna hata moja inayomdharau mtu mdogo. Mng'arisha viatu, mchuuzi, mpiga gitaa aliyezeeka, mwimbaji wa taarabu, wote wanapewa muda wa kunyamaza mbele ya kamera. Katika Vuta N'kuvute tuliona pia Mji Mkongwe usio wa kadi za posta. Kuta zina unyevu, vichochoro vina giza, na bahari haipo kwa ajili ya watalii. Mzee mmoja wa Malindi tuliyeitazama naye alilalamika kwamba kitabu kimekatwa mno, na Bukheti hakutendewa haki. Huenda ana hoja. Riwaya ile ni ndefu na filamu ni ya saa moja na nusu hivi. Lakini hata malalamiko yake ni faida, kwa kuwa hulalamika hivyo aliyeiona.

Sasa tuwageukie wakuu wanaohusika, maana jambo hili halikuanza jana, na lilipoanza liliwahi kuwa na dawa.

Miaka ya 1935 hadi 1937, katika milima ya Vugiri huko Tanga, Waingereza walifanya jaribio la kuwatengenezea Waafrika sinema za mafunzo, za kilimo, za afya, na hata za kulipa kodi. Walipiga filamu zipatazo 35, wakazipakia katika lori pamoja na mashine ya umeme na shuka jeupe, wakazizungusha vijijini. Dharau yao kwa watazamaji ilikuwa kubwa, wala hatuisifu. Lakini lori lilifika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, kama Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Nazo zilizungushwa kwa magari. Baada ya Uhuru Serikali iliendeleza kazi hiyo. Wengi wetu wenye mvi tunakumbuka gari la sinema la Wizara likiingia kijijini alasiri, kipaza sauti kikitangaza, na watoto wakikimbilia kushika nafasi mchangani. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka, wakaiona picha nzima kinyumenyume, na wala hawakujali.

Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma lililokabidhiwa kutengeneza filamu, kuziingiza nchini na kuzisambaza. Ndiyo iliyotuletea Fimbo ya Mnyonge katikati ya miaka ya 1970, na ilishiriki katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 na Mama Tumaini ya mwaka 1986. Haikufanya mengi. Mashine zilikuwa haba, fedha za kigeni za kununulia ukanda wa filamu zilikuwa haba zaidi, na mwishowe shirika likafifia kama mashirika mengi ya wakati ule. Lilipoondoka, hakuna aliyerithi ile sehemu ya kusambaza. Kutengeneza kulirithiwa na watu binafsi, kusambaza kukaachiwa soko.

Na soko, tuseme haki, lilifanya kazi yake kwa muda. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na marehemu George Tyson, ilifungua mlango wa zile ambazo leo watu huziita Bongo Movie. Zilipigwa kwa kamera za video, zikafyatuliwa katika santuri, zikauzwa Kariakoo kwa jumla, na kutoka hapo zikapanda basi hadi Singida, Kiomboi na Manyoni pamoja na sabuni na betri. Marehemu Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga, mkoa unaopakana na Singida, alijulikana katika kila kibanda cha video cha nchi hii, na alipofariki mwezi Aprili 2012 msiba ulikuwa wa taifa. Waliozibeza filamu zile kwa uduni wa picha walisahau kwamba zilifika mahali ambapo hakuna kingine kilichofika.

Lakini njia ile nayo imekufa. Santuri haina mnunuzi tena, simu imeiua. Tuliingia katika kibanda kimoja mjini Singida, karibu na stendi. Ubao wa nje ulikuwa umeandikwa kwa chaki mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, na chini yake filamu za mapigano za kigeni zilizotiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili. Mwenye kibanda alitupokea kwa heshima, akatupa viti vya mbele. Tulipomuuliza juu ya filamu zetu alisema kwamba angezionyesha kwa furaha, ila hajui azitoe wapi kwa njia ya halali, naye hataki kukamatwa. Jumba la sinema la kisasa hatukuliona mkoani humo. Machache yaliyopo nchini yako katika miji mikubwa, na kiingilio chake ni zaidi ya kibarua wa Itigi anachoweza kutoa kwa ajili ya picha.

Ndugu wasomaji watasema: kampuni ni ya mtu binafsi, basi na itafute yenyewe wanunuzi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kampuni ya namna hii ingekuwa inaishi kwa wanunuzi. Haiwezi. Vuta N'kuvute ilipata mkono wa washirika kutoka Afrika Kusini, Ujerumani na Qatar, kwa sababu hapa nyumbani hapakuwa na mfuko wa kuibeba. Anayetoa fedha ugenini anataka filamu ionekane ugenini. Ndiyo maana inakwenda Toronto kwanza. Siku hizi upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii, nasi tunaupongeza. Lakini mkopo hurejeshwa kwa mapato, na mapato hutoka kwa watazamaji. Mtengenezaji asiye na njia ya kumfikia mtazamaji wa Singida au wa Micheweni atakopa ili afilisike.

Liko na jambo la pande mbili za Muungano. Utamaduni si jambo la Muungano. Bara ipo Bodi ya Filamu, iliyotokana na Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na Zanzibar lipo Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Kila chombo kina wajibu wake wa kukagua na kutoa kibali, nasi hatuombi wajibu huo uondolewe. Tunauliza tu: kati ya vyombo hivi viwili, ni kipi chenye kazi ya kuhakikisha kwamba filamu iliyokwisha kukaguliwa inaonekana? Tumesoma na kusoma, tukakuta kazi nyingi za kuzuia na kazi chache sana za kufikisha.

Mwezi Aprili na Mei 2022, ilipozinduliwa filamu ya The Royal Tour, Serikali ilionyesha kwamba ikitaka filamu ionekane, inaonekana. Kulikuwa na uzinduzi Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam, na televisheni zikairusha. Hatudai sherehe za namna hiyo kwa kila kazi. Gari moja la kila mkoa lingetosha, lenye mashine ya kuonyeshea, jenereta, spika mbili na shuka. Kila halmashauri ina afisa utamaduni, na wengi wao walituambia kwamba hawana usafiri wala vifaa. Kila shule ya sekondari ina ukumbi au walau uwanja. Kampuni ilipwe ada ndogo inayojulikana kwa kila onyesho, mwenye kibanda apewe leseni ya kupata nakala halali kwa bei anayoiweza, na hesabu ziwekwe wazi ili mtengenezaji ajue ameonekana wapi na mara ngapi.

Na gari hilo lisiende upande mmoja tu. Singida nayo ina mambo ambayo Visiwani hayajulikani: majabali yaliyorundikana kandokando ya mji kama yamepangwa kwa mkono, maziwa ya Singidani na Kindai yenye maji ya chumvi na ndege wake, Wahadzabe wa Mkalama ambao wageni wamewapiga picha kwa miongo mingi na ambao wenyewe ni nadra kuziona picha hizo. Hakuna kampuni ya Dar es Salaam itakayokwenda kuyapiga hayo kama haijui nani atayatazama.

Tulipoagana na wanafunzi wale, msichana mmoja wa kidato cha sita alitufuata hadi langoni. Alitaka kujua kama katika filamu Mwajuma anaimba kwa sauti au ni maneno tu kama kitabuni. Tulimwambia anaimba. Akauliza ni lini wataletewa. Swali hilo tumelichukua, na tunaliwasilisha kwa Wizara zinazohusika za pande zote mbili, pamoja na taarifa kwamba mtihani wake ni mwezi Mei.