Kumeng'enyeka au Kumeng'enywa? Bakteria, Mafuta Yaliyomwagika na Kitenzi cha Kiswahili, kutoka Alaska hadi Ziwa Albert

1. Utangulizi

Februari 2022 uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika mafuta ya Ziwa Albert ulitangazwa Kampala, pamoja na ujenzi wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Julai ya mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Matukio hayo mawili hayakupangwa pamoja, ila yanakutana katika swali moja. Mvuvi wa Buliisa akiuliza mafuta yakimwagika ziwani yataishia wapi, ajibiwe kwa kitenzi gani? Jibu jepesi ni kwamba mafuta "huoza yenyewe" au "humeng'enyeka". Makala haya yanaonyesha kuwa jibu hilo lina kasoro ya kisayansi inayoanzia katika sarufi.

2. Mlaji wa mafuta

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya kampaundi, nyingi zikiwa haidrokaboni, yaani minyororo na pete za atomu za kaboni na haidrojeni. Yakimwagika juu ya maji, sehemu nyepesi hugeuka mvuke, na mawimbi huvunjavunja sehemu nyingine kuwa matone. Bakteria wanaokula mafuta huwa wapo tayari kwa idadi ndogo, kwa kuwa mafuta yamekuwa yakivuja yenyewe kutoka ardhini tangu kale. Kandokando ya Ziwa Albert, mivujo hiyo ilirekodiwa na mwanajiolojia E. J. Wayland katika miaka ya 1920. Wakipata karamu ya ghafla, bakteria hawa huongezeka haraka. Hujikusanya pale mafuta yanapogusana na maji, wakatumia vimeng'enya vyao kupachika oksijeni kwenye mnyororo wa kaboni, kisha wakaukata vipande vinavyotumiwa na seli. Mwishowe hubaki kabonidayoksaidi, maji na miili ya bakteria wenyewe. Minyororo iliyonyooka huliwa mapema. Pete zilizoungana huchukua muda mrefu. Lami huachwa kama mifupa sahanini.

Kazi hiyo ina masharti. Mafuta yana kaboni tele lakini karibu hayana nitrojeni wala fosforasi, na bila virutubisho hivyo bakteria hawawezi kujenga miili yao. Aidha, huhitaji oksijeni, joto la kadiri, na eneo pana la kugusana na mafuta.

3. Funzo la bahari baridi

Mahali ambapo masharti hayo yalionekana waziwazi ni Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka katika ghuba ya Prince William Sound na kumwaga takribani tani 37,000 za mafuta ghafi. Wataalamu hawakuanza kwa kuleta bakteria wapya. Walinyunyizia mbolea kwenye fukwe ili bakteria waliokuwapo wapate nitrojeni na fosforasi, na uozeshaji uliharakika pale mbolea ilipowafikia. Hata hivyo, zaidi ya miaka kumi baadaye mafuta yalikutwa bado chini ya kokoto, yakiwa mabichi mahali pengine. Yalikuwa yamejificha mahali ambapo maji yenye oksijeni na virutubisho hayapiti vya kutosha.

Baridi huongeza ugumu kwa njia kadhaa. Mafuta huwa mazito na hayagawanyiki kuwa matone. Barafu hutuliza mawimbi ambayo yangeyagawa. Na sehemu nyepesi zenye sumu hukawia kugeuka mvuke, zikaendelea kuwadhuru hata walaji wenyewe. Pamoja na hayo, kazi haisimami. Wapo bakteria waliozoea baridi, kama Oleispira antarctica, aliyepatikana katika maji ya Antaktika na kuelezwa na wanasayansi mwaka 2003. Utando wa seli za viumbe wa namna hiyo hubaki laini katika baridi, na vimeng'enya vyao hufanya kazi katika nyuzijoto ambazo vingine hulegea.

4. Baridi ya Ziwa Albert

Msomaji aweza kusema kwamba Bunyoro haina barafu. Ni kweli, lakini mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na katika hali ya hewa ya kawaida huganda. Ndiyo sababu bomba la Tanga limebuniwa kupashwa moto ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za selsiasi. Kwa mafuta hayo, ziwa la vuguvugu ni baridi. Bonge lililoganda lina eneo dogo la kugusana na maji kuliko matone yenye ujazo uleule, kwa hiyo walaji wake huanzia pembeni tu, ingawa joto la maji linawafaa.

Wala tiba ya Alaska haiwezi kuhamishiwa hapa bila tahadhari. Nitrojeni na fosforasi zikizidi katika ziwa la maji baridi hustawisha mwani, nao ukifa na kuoza hunyang'anya samaki oksijeni. Waliokumbuka magugu maji ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya maji yaliyorutubishwa kupita kiasi.

5. Kitenzi na mtenda

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kueleza jambo hili. Kuoza na kuvunda (hili la pili Kiganda nacho kinalo) hueleza hali ya kitu bila kumtaja mtenda. Kumeng'enya kunafaa zaidi, kwa kuwa tayari kumezaa kimeng'enya, istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika biolojia. Kosa hujitokeza katika mnyambuliko. Kauli ya kutendeka, mafuta humeng'enyeka, huonyesha uwezekano na kumficha mtenda, kana kwamba muda peke yake watosha. Kauli ya kutendwa, mafuta humeng'enywa, humwachia mtenda nafasi baada ya na.

Jina la mtenda huyo nalo lina uzito. Vijidudu huleta akilini maradhi na sabuni; vimelea ni kosa kabisa, maana bakteria hawa hawamnyonyi kiumbe hai yeyote. Bakteria ni afadhali, tena kwa upatanisho wa viumbe hai: bakteria hawa, wanakula, wanakosa hewa.

Tangazo la ufukweni laweza basi kuandikwa kwa namna mbili. La kwanza: "Mafuta yaliyosalia yatameng'enyeka." La pili: "Mafuta yaliyosalia yatameng'enywa na bakteria polepole, wakipata hewa na virutubisho, na mabonge yakivunjwa." Mvuvi akisoma la pili anaweza kumuuliza mhusika ni nani atakayeyavunja mabonge hayo, na lini.